Bahasha ya Wiki ya Ishirini

Mashine haioni, inasikia:
inatuma sauti ndani, inangoja mwangwi urudi,
nasi twauita mwangwi picha.
Hilo huwa siwaambii.

Valdivia, Juni, mvua ya siku ya nne.
Ailín Huenchumán ameshuka basi la Paillaco
na buti zake za ghala la viazi.
Miaka ishirini na mitatu, mimba ya kwanza,
fomu ya utafiti kaikunja mara nne kama noti ya kuficha.
"Jeli ni ya baridi," namwonya.
"Kuni zetu zimelowa tangu Jumapili," anasema. "Paka tu."

Mtoto, kila mtu humtazama.
Pua. Kisigino. Kidole kinywani;
Eliseo, mumewe, alicheka hadi akakohoa.
Mimi jicho langu liko ukutani,
kwa yule asiyetafutiwa jina,
aliye pafu na figo na jiko kwa miezi tisa,
na siku ya furaha anatupwa ndooni.
Kondo la nyuma.
Kondo: neno lenye vita ndani yake.

Limeshika ukuta wa mbele, nene,
lina madimbwi mawili meusi, damu imetuama,
na kamba ya kitovu imejibanza pembezoni
kama mgeni aliyechelewa kiti.

Kisha barabara mbili zinazolisha mji.
Ya kulia, shwaa, shwaa, haina neno.
Ya kushoto ina pengo:
damu inapanda, inasita
kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka jambo,
halafu inaingia.

Naandika: pengo, ndiyo. Upande mmoja.
Haufiki mstari wa hatari tuliopewa,
kwa hiyo ni bahasha.
Wazazi wa kwanza mia nane, na daktari asijue,
na mama asijue,
mpaka tuone kama picha inajua lolote.
Nilitia sahihi. Mchana nakubaliana nao.

"Kila kitu sawa?" Anajifuta tumbo.
"Moyo unapiga mia na hamsini."
Ni kweli. Niliuchagua ukweli huo
kama mtu achaguavyo kiazi kizima guniani,
mkono ukijua vingine vikoje.

Agosti nilimwona sokoni, kando ya mto,
akibishana na muuza kome juu ya bei.
Nikamtazama vifundo vya miguu kabla ya uso.
Havikuvimba.
Nikanunua samaki ambaye sikumhitaji.

Wiki hiyohiyo walimleta Pascale Oyarzo,
ambaye bahasha yake ilikuwa safi,
mishipa yote miwili laini, naikumbuka,
nilimwambia mwenzangu: huyu ni wa kitabuni.
Presha ilimpanda kwa siku tano.
Wiki ya ishirini na tisa, mvulana, gramu mia tisa na ishirini.
Nilipita kwenye sanduku lake la joto kila zamu.
Soksi yake ingetosha kidole changu gumba.

Ailín alifika Oktoba, wiki ya thelathini na tisa,
akatukana kwa lugha mbili,
akajifungua binti wa kilo tatu na robo,
kifungua mimba mwenye sauti ya mnadani.

Nami nikalibeba lile lingine hadi kwenye sinki,
mikono miwili, likiwa bado na joto.
Ukingoni palikuwa na kipande cheupe, kigumu,
kama upana wa sarafu ya peso mia: hapo palikufa, zamani.
Sehemu iliyobaki ilifanya zamu mbili
na haikumwambia mtu.

"Hilo mnalitupa?" Ailín akauliza.
Nikasema tunaweza kuwafungia.
Eliseo alikuja na ndoo ya rangi yenye kifuniko,
akaiosha mara tatu mbele yangu,
akapanda nayo basi la saa kumi jioni,
akaipakata.

Bahasha iko kabatini na nyingine mia tatu na kumi na mbili.
Kesho saa mbili asubuhi nina watano.